Ce-Zr nusu kwa nusu: nimechoma nyuzi 1000, kilele kimepasuka viwili. Naombeni ushauri

Mchovu_wa_Maabara
Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, natengeneza oksaidi mchanganyiko ya seriamu na zirkoniamu, Ce0.5Zr0.5O2. Niliyeyusha naitreti ya seriamu na oksinaitreti ya zirkoniamu pamoja kwenye maji, nikadondoshea amonia kwa bureti hadi pH 10. Nikaosha, nikakausha, nikachoma nyuzi 500 kwa saa 4. XRD (kipimo cha eksirei kinachoonyesha atomi zimejipangaje) ikatoa vilele vinene, cha kwanza kwenye pembe ya nyuzi 29.1. Msimamizi akatazama mara moja tu: "Mchemraba, safi." Tukaandika hivyo, yaani atomi zimejipanga kwa umbo la mchemraba, mchanganyiko mmoja.

Juzi nimechoma sampuli ileile nyuzi 1000. Kile kilele kimeota bega, na nikikuza picha naona viwili, 28.8 na 29.8. Msimamizi anasema tanuri linadanganya joto. Wiki mbili zijazo nawasilisha. Nirudie kuchoma?

Babu_Tanuri
Liache tanuri la watu. Hebu turudi kwenye bika. Unapodondosha amonia kwenye chumvi, pH inaanzia chini. Zirkoniamu inaanza kuganda kwenye pH 2 au 3 hivi. Seriamu, kama yako ni ya chaji tatu, inasubiri hadi karibu 8. Kwa hiyo ulipata mashapo ya zirkoniamu kwanza, seriamu ikaja kujipaka juu yake baadaye. Kwenye nyuzi 500 huwezi kuliona hilo, kwa sababu fuwele ni za nanomita chache na vilele vinene vinafunika kila kitu. Kwenye 1000 ayoni zinapata nguvu ya kutembea, kila mmoja anarudi kwao. Cha 28.8 ndicho chenye seriamu nyingi (CeO2, oksaidi ya seriamu tupu, iko 28.5), cha 29.8 kina zirkoniamu nyingi. Ayoni ya zirkoniamu ni ndogo, angstromu 0.84 kwa 0.97 ya seriamu, ndiyo maana kimiani (mpangilio wa atomi) inabana na kilele kinahamia kulia.

Geuza kazi: amonia ikae kwenye bika, chumvi ndiyo idondoke, pH ibaki juu muda wote. Au tafuta chumvi ya seriamu ya chaji nne, inaganda mapema kama mwenzake.

Dada_Fuwele
Babu kamaliza habari ya bika. Mimi nina ugomvi na hilo neno "mchemraba". Kwenye nusu kwa nusu kuna fezi (aina ya mpangilio wa atomi) inaitwa t'': metali zimekaa kama kwenye mchemraba kabisa, ila oksijeni zimesogea kidogo kutoka mahali pake. Eksirei inaona metali nzito, oksijeni inaziona kwa shida, kwa hiyo kwenye XRD zote mbili zinafanana. Omba Raman (kipimo cha leza kinachohisi mitetemo ya atomi, hata za oksijeni). Mchemraba wa kweli unatoa mstari mmoja mkubwa karibu na 465 cm⁻¹. Tetragonali, kundi la hiyo t'', inaruhusiwa mistari hadi sita.

Halafu usijipe matumaini makubwa mno. Hata ukichanganya vizuri, uwiano huo unaweza kutengana ukikaa muda mrefu kwenye joto kali. Mchanganyiko mzuri unachelewesha tu.

Gereji_ya_Mtaa
Samahani wakuu, hii ndiyo ile iliyo kwenye masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi wa gari?

Dada_Fuwele
Ndiyo kaka, imo kwenye mpako wake, pamoja na platinamu na wenzake. Moshi ukiwa na oksijeni nyingi inaimeza, ikipungua inaitema. CeO2 peke yake ikipigwa joto la ekzosi chembe zake zinashikamana na kukua, ndipo zirkoniamu ikaongezwa. Na masega ya wateja usiyatoe!

Mchovu_wa_Maabara
"Kila mmoja anarudi kwao" imenichekesha. Nimekwenda kusoma chupa: chaji tatu, kama alivyosema Babu. Jana nimegeuza. Ila mashapo yamegeuka zambarau nikashtuka, nikadhani nimeharibu tena. Asubuhi nimeyakuta manjano.

Babu_Tanuri
Hujaharibu. Hewa inaipeleka seriamu kutoka chaji tatu kwenda nne, zambarau ni njiani.

Mchovu_wa_Maabara
Afadhali. Raman iko idara nyingine, nimeandika jina kwenye foleni, Alhamisi. Sasa msimamizi namwambiaje?

Babu_Tanuri
Usimwambie kitu. Choma hii mpya 1000, tanuri lilelile, saa zilezile. Mpelekee michoro miwili mezani, unyamaze.

Mchovu_wa_Maabara
Sawa mzee wangu. Limeshawashwa, liko 740.