Tupeane uzoefu: malipo ya kadi yaliyokutoa jasho (Lamu na Malindi)

MamaVikoi, Malindi: Jamani, leo tarehe 1, siku yangu ya kukata pesa kwenye kadi za wateja wa nje wanaopokea kikoi kila mwezi. Wako 22. Watano malipo yamekataa: wawili kadi zimeisha muda, mmoja kabadilisha benki, wengine sielewi. Vikoi nishavifunga, posta nishalipa. Nani mwingine kashachezewa na hizi kadi?

UstadhWaLugha, Lamu: Mimi nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi wanakatwa kila mwezi. Mwanzo sikuwa na biashara iliyosajiliwa, kaka yangu akaniambia tumia akaunti ya duka lake ya kupokea malipo ya kadi. Duka lenyewe la saruji na misumari. Mwezi wa pili wanafunzi watatu wa Ujerumani wakaona jina la duka kwenye taarifa za kadi zao, wakaenda benki: "Sijanunua saruji Kenya mimi!" Pesa zikarudishwa kwao, mimi nikatozwa faini kwa kila moja, na kampuni ya malipo ikafunga akaunti kwa kuwa biashara iliyosajiliwa siyo inayouza. Kaka hakusema nami mpaka Ramadhani.

Tamu_ya_Halwa: Saruji 😂 chai yote imenimwagikia. Mimi lilitoka jina la mume wangu, mteja akadhani ni mwizi.

NyumbaYaShela: Sikutaka kusimulia haya. Basi tu.

Ilikuwa Novemba, kaskazi inaanza, nyumba bado haijajaa. Ikaja imeli: familia ya watu 8 kutoka Uingereza, nyumba nzima, siku 9, shilingi 270,000. Adabu tele, hata kuuliza kama kuna kitanda cha mtoto. Akasema atalipa 360,000 kwa kadi, ile 90,000 nimpelekee kwa M-Pesa nahodha wa jahazi la kuwapeleka kisiwa cha Kiwayu, maana nahodha hapokei kadi. Nikaona ni kweli, nahodha gani wa kwetu anapokea kadi? Malipo yakapita. Nikatuma 90,000 siku hiyohiyo.

Siku ya kufika nikasimama gatini Shela na punda wawili wa mizigo. Boti za kutoka uwanja wa ndege wa Manda zikaja, moja, mbili, tatu. Wageni wa watu. Mwenye punda akaniuliza, "Dada, na wako je?" Kamba nilizoagiza tukala na majirani.

Wiki 7 baadaye mwenye kadi halisi, bibi mmoja ambaye hata Lamu haijui iko wapi, akapinga malipo. Ikang'olewa 360,000 yote, na nilikuwa nimeshapaka vyumba rangi. Akaunti ikasoma hasi. Nambari ya huyo "nahodha" haipatikani hadi leo.

BarazaniMkunguni: Subhanallah. Pole sana dada.

Casuarina_Boy: Pole, lakini watu wa Amu mnaamini upesi mno. Huku Malindi mtu akilipa zaidi ya bei, tunajua kuna jambo.

BarazaniMkunguni: Nyie mliozoea "ciao ciao" ufukweni hamjaibiwa? Tuheshimiane.

Casuarina_Boy: Nimesema pole kwanza, soma vizuri.

Fundi_wa_Mitandao: Dada Shela, pesa ya ziada hairudi popote ila kwenye kadi ileile iliyolipa. Na iambie kampuni yako ya malipo iwashe ile hatua ya kutuma namba ya siri kwenye simu ya mwenye kadi, aiingize ndipo malipo yapite. Hapo akidai kaibiwa, kwa kawaida benki yake ndiyo inayobeba hasara.

Pwani_Pizza: Mie niliiwasha. Wazee wangu wa Kiitaliano hizo namba haziwafikii huku, laini zao zimezimwa. Nikaizima.

NahodhaMkavu: Yote ya nini? Mimi naandika nambari ya kadi kwenye daftari pamoja na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, mwezi ukifika najikatia mwenyewe.

Fundi_wa_Mitandao: Bwana wee! Zile tatu hazihifadhiwi KABISA, hata benki hairuhusu. Lichome hilo daftari leo. Kampuni ya malipo inatunza kadi, wewe unabaki na alama ya kuiwakilisha tu, siyo nambari yenyewe.

NahodhaMkavu: Nina wateja wanne, wote nawajua kwa sura.

Tamu_ya_Halwa: Na daftari likianguka baharini?

NahodhaMkavu: Lilishaanguka. Nikalianika.

Mjomba_Kikowani: Tumieni M-Pesa tu, mtalala usingizi.

MamaVikoi, Malindi: Mjomba, mteja wangu yuko Hamburg, M-Pesa ataitoa wapi? Wa hapa Kenya sawa, tangu 2024 kuna Ratiba, huduma ya M-Pesa ambayo mteja anapanga malipo yajirudie kila mwezi, yanaingia bila shida. Haya, nimewaandikia wale watano, watatu wameshaweka kadi mpya. Kuanzia sasa nawakumbusha wiki moja kabla.

Pwani_Pizza: Usiwakumbushe! Ukimkumbusha tu, anajitoa.

Tamu_ya_Halwa: Usipomkumbusha anakupeleka benki. Chagua.

Casuarina_Boy: Ustadh, nina swali. Mfuko wa saruji kwa kaka sasa bei gani?