Anayeanza kusoma Biblia aachwe asome mwenyewe, au asubiri kufundishwa?

Mleta mada, Pasua (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Nina hoja ambayo baadhi ya wazee wa kanisa humu haitawapendeza.

Kijana mmoja anayejifunza useremala huku Pasua aliuliza kwenye kikao chetu cha vijana: anataka kusoma Biblia kwa dhati, aanzie wapi? Mmoja akamwambia Mwanzo 1:1, asiruke hata mstari. Mwingine, apakue ile ratiba ya mwaka mzima kwenye simu. Dada mmoja akasema Ufunuo, kwa sababu siku zimekwisha. Kisha kiongozi akafunga maneno: asianze kabisa, asubiri darasa, maana Neno bila mwalimu ni hatari. Darasa lenyewe halijapangiwa tarehe.

Mimi nasema apewe kitabu kimoja kifupi leo hii, akisome chote, na mara ya kwanza asiwepo mtu wa kumwambia kinasema nini. Ningempa Marko. Ina sura 16, ukiisoma kwa sauti ni kama saa moja na nusu, sawa na mechi ya mpira bila mapumziko. Akimaliza airudie.

Ratiba ya mwaka siipingi kwa waliozoea. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, yaani sura tatu au nne kila siku. Lakini tusidanganyane. Tukishakula Krismasi vijijini tunaanza Januari kwa mbwembwe, Mwanzo inasomeka yenyewe, Kutoka nayo moto mpaka Sinai. Kuanzia sura ya 25 unakutana na vipimo vya hema, mbao, vitanzi na mapazia, na ukidhani yamekwisha yanarudi tena kuanzia sura ya 35. Ukivuka hapo ni Walawi, sura 27. Februari haijaisha, watu kimya. Wanajiona wavivu, au wanadhani Mungu hayuko nao, kumbe hakuna aliyewaambia kwamba sehemu kubwa ya walichoshika ni maelekezo ya kazi ya makuhani.

Kwa nini nang'ang'ania kitabu kizima? Chukueni Yeremia 29:11, ule wa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Uko kwenye kalenda, uko nyuma ya noah za Machame, uko kwenye kadi za mahafali, na kila mtu anausoma kama ahadi kwamba mwaka huu milango yake itafunguka. Sasa rudi uanzie sura ya 28. Sehemu ya watu wa Yerusalemu wameshachukuliwa mateka Babeli. Nabii aitwaye Hanania anasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anaivunja nira aliyoivaa Yeremia shingoni kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka watarudi. Nani asingepiga vigelegele? Yeremia anampinga, na Hanania anakufa mwaka uleule. Ndipo sura ya 29 inakuja barua ya Yeremia kwa wale mateka: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto wenu, uombeeni amani mji mliopelekwa, maana mtakaa miaka 70. Mstari wa 11 unafuata hiyo miaka 70. Mtu mzima aliyesomewa barua ile alielewa kwamba kaburi lake litakuwa Babeli.

Ni ahadi kweli, tena ina uzito kuliko ile ya kalenda. Ila mtu aliyelishwa mstari mmoja mmoja, Hanania akija leo atamshangilia, na huku kwetu Hanania hawajaadimika. Februari 1, 2020, hapa hapa Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana uwanjani kukimbilia mafuta ya upako.

Nawasilisha.

Katekista mstaafu, Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu, umeandika vizuri, ila nikuulize: hayo ya Hanania uliyaona mwenyewe, au kuna mtu alikufungulia ukurasa akakuonyesha? Mimi nadhani uliketi mbele ya mtu.

Soma Matendo sura ya 8. Towashi wa Kushi yumo garini mwake, anasoma Isaya kwa sauti. Si mjinga huyo, ndiye aliyewekwa juu ya hazina yote ya malkia. Filipo anamuuliza kama yamemwelea anayoyasoma. Anajibu: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akamwomba apande waketi pamoja. Kwa hiyo anayeanza kukiri kwamba anahitaji mtu si aibu, imeandikwa.

Sisi Wakatoliki bado tunasingiziwa kwamba tunakatazwa Biblia. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulihimiza waamini wote wasome, ukarudia neno la Mtakatifu Yeronimo kwamba kutoyajua Maandiko ni kutomjua Kristo. Lakini hati hiyohiyo inamtaka anayefasiri atafute mwandishi alikusudia nini na aliandika kwa mtindo gani. Ushairi hausomwi kama historia. Kijana wa useremala atalijuaje hilo akiwa peke yake chumbani?

Halafu kuna jambo vijana mnalisahau. Katika jumuiya yetu tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, tunairudia, tunakaa kimya kidogo, ndipo kila mtu anasema lililomgusa. Tuna bibi hajui kusoma hata jina lake. Anasikiliza, na mara nyingi yeye ndiye anayesema la maana. Kwa mpango wako huyo angekuwa wapi?

Dereva wa noah, Himo

Mnazunguka mno. Mithali ina sura 31, mwezi una siku 31. Unasoma sura ya tarehe ya leo huku unasubiri abiria wajae. Kwisha habari.

Mwanafunzi wa theolojia, Usa River

Kaka wa Himo, tarehe 26 uliifanyaje? Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu kwa kadiri ya upumbavu wake, na 26:5 inaagiza umjibu. Zimefuatana. Anayeisoma kama orodha ya amri atadhani mchapaji amekosea. Aliyeambiwa kwamba hiki ni kitabu cha hekima ataelewa kwamba zote mbili ni sahihi, na kazi aliyoachiwa ni kupima huyu aliye mbele yake leo anafaa ipi.

Mleta mada, kwa maelezo yako nahisi wewe ni Mlutheri mwenzangu. Agano Jipya la Luther kwa Kijerumani lilitoka 1522, lakini hakuwaachia watu kitabu akaenda zake. Alipotembelea parokia za Saksonia akakuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, ndipo mwaka 1529 akatoa Katekismo Ndogo, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, hiyo hiyo tuliyoikariri darasa la kipaimara. Tunaposema Maandiko peke yake hatujawahi kumaanisha msomaji peke yake.

Na wewe mzee wa Kibosho, shikamoo, usiishie sura ya 8. Sura ya 17 watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Wanasifiwa kwa hilo. Kama Paulo alikaguliwa, sijui ni mwalimu gani wa darasa la Moshi asiyetakiwa kukaguliwa.

Jambo dogo la mwisho: apewe Biblia anayoielewa. Tafsiri ya Union Version ya 1952 ndiyo iliyo midomoni mwetu na sitaki kuiacha, lakini anayeanza anakwama kila aya ya tatu. Aisome tafsiri ya Habari Njema kwanza, hasa kwenye nyaraka za Paulo.

Dereva wa noah, Himo

Tarehe 26 nilikuwa gereji.

Mama wa duka, Kiborloni

Mleta mada, nimekuvumilia mpaka mwisho wa andiko lako, ila pale mwishoni umenikera. Usiwachukue marehemu ukawageuza mfano wa watu wasiosoma. Waliokwenda uwanjani siku ile wengine nawafahamu. Wapo waliosoma hiyo Biblia kuliko wewe na mimi. Mtu amezunguka hospitali na mtoto mpaka hela imekwisha, mwambie sura ya 28 ya Yeremia inasema nini, atakusikiliza kwa heshima, kesho yake ataondoka alfajiri kwenda kwenye mafuta. Shida haikuwa kutojua muktadha.

Na hili ndilo naloliona kwenu wanaume wote humu, mnaongea kama Biblia ni mtihani wa kidato cha nne. Nani alisema, nani aliandika, mtindo gani. Mimi naamka saa kumi na moja kabla sijaenda Mbuyuni kuchukua mzigo, nasoma Zaburi moja. Zaburi ni 150, sina haraka. Kule nilijifunza kwamba inaruhusiwa kumlalamikia Mungu. Ile ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna asante mwishoni, hakuna ushindi. Sijawahi kusikia ikihubiriwa, na naelewa kwa nini, haina sadaka. Anayeanza mwacheni aanze na kuongea na Mungu, uchambuzi atauelewa mbele ya safari.

Mwalimu wa madrasa, Kaloleni (Arusha)

Asalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, nimepita tu, lakini swali hili kwetu tumelala nalo na kuamka nalo.

Mtoto madrasa haanzi msahafu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Akishajua Al-Fatiha anapelekwa mwisho kabisa: An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas, anapanda kurudi nyuma mpaka An-Naba, sura ya 78. Ndiyo Juzuu Amma, ya mwisho katika juzuu (mafungu) 30 za msahafu. Al-Baqara yenye aya 286 inamsubiri. Na hata wahyi (ufunuo) wenyewe haukushuka kwa mpangilio wa kurasa, aya za kwanza kuteremshwa leo ziko sura ya 96. Kwa hiyo hilo la kuanza na kifupi nakuunga mkono kabisa, ndugu yangu wa Pasua.

La kusoma peke yake hapana. Kwetu mwalimu anakaa mbele yako anasikiliza ulimi. Ukivuta pasipovutwa anakurudisha hapo hapo, hata mara kumi, kabla hajafika kwenye maana.

Lakini nisijisifu. Wapo wazee wetu waliokhitimu msahafu tangu utotoni, sauti nzuri, makhraji (matamshi ya herufi) safi, na ukiwauliza sura waliyoswalia Alfajiri ilikuwa inasema nini, wanakutazama. Tafsiri za Kiswahili zipo. Ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy tangu 1969 ina maelezo chini ya kurasa. Tatizo ni kwamba tuliwaambia maana ni ya masheikh, wao wasome tu. Kiongozi wako aliyesema asubiri darasa anaweza kupata watu wa namna hiyo. Watasubiri vizuri sana.

Mleta mada, Pasua (Moshi)

Nimewasoma wote. Mama wa Kiborloni, shikamoo, nimekusikia. Sikusema kusoma kunaponya kukata tamaa. Nilisema kunampa mtu sauti ya pili kichwani Hanania anapoongea. Atakayekwenda atakwenda, lakini awe ameisikia na ya Yeremia. Hapo sirudi nyuma.

Mzee wa Kibosho, kuhusu nani alinionyesha: kweli kuna mtu aliniambia rudi sura moja nyuma. Hakuniambia nitakuta nini. Mwalimu wa aina hiyo namtaka hata kumi. Ninayemkataa ni yule anayekupa maana kabla hujaona maneno, ukifungua kitabu huoni kilichoandikwa, unaona mahubiri yake tu.

Juzi nilikwenda karakana anakofanya kazi yule kijana. Nikabadilisha mpango, badala ya Marko nikampa Filemoni, maana ni ukurasa mmoja, aya 25. Akakaa juu ya mbao za mninga na randa mkononi, akasoma kwa sauti. Onesimo mtumwa, ametengana na bwana wake Filemoni. Paulo yuko kifungoni, anamrudisha kwa huyo bwana na barua mkononi, anasema mpokee kama ungenipokea mimi, na kama unamdai kitu kiandike juu yangu. Alipofika hapo kwenye deni akarudia aya ile. Mnajua mambo ya vijana wa karakana na mafundi wao. Akamaliza, akaanza tena mwanzo bila kuambiwa. Kisha akauliza: "Sasa Filemoni alimsamehe?"

Nikamwambia aangalie humo humo. Akaangalia. Haimo.

Niambieni, huyo amepotea wapi kwa kukosa darasa?

Katekista mstaafu, Kibosho

Hajapotea, amekwama, na ndipo anapohitajika mtu. Mfungulie Wakolosai 4:9. Onesimo anatajwa tena, safari hii anakwenda Kolosai pamoja na Tikiko, na Paulo anamwita ndugu mwaminifu, mpendwa, mtu wa kwenu. Haisemi kama alisamehewa, lakini waraka uliandikwa usomwe mbele ya kanisa zima, na jina lake limo. Mpelekee hilo kesho.

Mleta mada, Pasua (Moshi)

Mzee wangu, asante sana, ila kesho simpelekei. Wakolosai ina sura nne tu. Jumamosi nampa aisome yote, nione kama atalikuta.

Katekista mstaafu, Kibosho

Na akilipita bila kuliona?

Mleta mada, Pasua (Moshi)

Nitamleta Kibosho.