Tupeane uzoefu: neno la jiografia ulilokariri shule ukaja kulielewa ukubwani

Wakuu habari za jioni. Langu mimi ni "kivuli cha mvua". Shule nililiandika na maksi nikapata, ila kichwani nilikuwa naona kivuli kama cha mwembe, pale chini ubaridi umetulia. Mwaka jana nimetoka Tengeru asubuhi manyunyu, migomba inachuruzika, tope mpaka juu ya kiatu, nikapanda gari naenda Oldonyo Sambu kuangalia mbuzi, sasa tulivyoipita Ngaramtoni mbele kidogo nchi ikabadilika, vumbi, migunga, mzee mmoja analima udongo unapeperuka kama unga. Nikageuka nikauona Mlima Meru ule ule, mawingu yote yamebaki upande niliotoka. Hapo ndo nikaelewa. Upepo wa Bahari ya Hindi unakuja na unyevu, ukifika mlimani unalazimika kupanda, kule juu baridi, unaumwaga wote upande wa Tengeru na Usa River, ukishavuka umebaki mkavu na unaposhuka unazidi kupata joto. Kumbe kivuli chenyewe ndo jua kali. Haya leteni ya kwenu.

Mgumu wa Moshi: Mkuu umenikumbusha kazini. Masika wageni wengi wa kupanda Kilimanjaro tunawapitisha njia ya Rongai, upande unaotazama Kenya, mvua kule ni chache, naweza kupanda siku kadhaa koti la mvua lipo tu kwenye begi. Siku ya kushukia Marangu ndo tunakutana nayo, msitu mzima unatiririka. Miaka yote nilijua hivyo kwa miguu, jina lake nimelipata leo.

Binti Same: Sisi tunaishi ndani ya hicho kivuli. Unasimama mjini unaiona kabisa mvua inanyesha juu milimani Upareni, na ndoo yako kavu.

Mgeni Arusha: Mie natokea Tanga, korongo nililolijua ni yule ndege. Huku mama mwenye nyumba akanielekeza "ukivuka korongo kata kushoto", nikakuta bonde jembamba kavu, watoto wanachezea mpira humo. Siku moja jua linawaka, muuza vitunguu akaanza kupiga kelele watoto tokeni tokeni, dakika chache maji ya kahawia yakapita na magogo, na kwetu halijadondoka hata tone, ilinyesha juu Meru. Jamani wenye watoto karibu na makorongo, mkiona wingu limekaa mlimani waiteni nyumbani.