Wazazi wa mwaloni hawafiki kwenye vikao: tuwafikieje?

Mwalimu wa darasa la tatu, Ilemela
Ndugu walimu na wazazi, naomba mawazo yenu. Ninafundisha shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria, upande wa Igombe, ambako wazazi wengi hushinda mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki: ni wavuvi na akina mama wanaonunua na kuanika dagaa. Mwaka huu nimewapa watoto barua mara tatu wazipeleke nyumbani, nikiwaita wazazi saa tatu asubuhi tuzungumzie maendeleo ya watoto katika kusoma, na kati ya wazazi zaidi ya 80 hawajawahi kufika zaidi ya 11. Siamini kwamba hawajali, kwa maana tukikutana njiani huniuliza habari za watoto wao kwa shauku. Ninakosea wapi?

Mama wa watoto watatu, Kirumba
Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Kosa la kwanza ni hiyo saa tatu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa sababu hufuata mwanga wa taa, na mbalamwezi ikishakuwa kali taa haifui dafu. Katika siku za giza mitumbwi hurudi alfajiri, na asubuhi yote sisi akina mama tunakuwa mwaloni tukinunua, tukianika na kugeuza, huku tukitazama mawingu, kwa kuwa mvua moja yaweza kuozesha mtaji wote, ambao mara nyingi ni wa mkopo. Ukiniita saa hiyo, unanitaka nichague kati ya kikao na chakula cha huyo huyo mtoto tunayekwenda kumzungumzia. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika na kushona nyavu. Ita kikao siku hizo, jioni, nawe utawaona hata akina baba ambao hujapata kuwaona.

Jambo la pili ni fedha. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016, lakini barua ya shule ikifika, wengi wetu bado tunawaza mchango au kesi.

Mwalimu mstaafu, Ukerewe
Ninamuunga mkono mama hapo juu, nami naongeza habari ya barua. Wako wazazi na mabibi wasiojua kusoma, na barua husomwa na mtoto mwenyewe, ambaye huruka asichokipenda. Ndiyo maana nilianza kupiga simu. Kila Ijumaa niliwapigia wazazi watano na kuwaeleza jambo moja jema tu juu ya mtoto, bila kuomba chochote. Nilichukua miezi kadhaa kulimaliza darasa, lakini baadaye, nilipokuwa na tatizo la kweli la utoro, mzazi alinisikiliza kama mtu anayemfahamu. Kwa bibi anayezungumza Kikerewe pekee, nilimtafuta jirani mtu mzima atufasirie, kwa sababu mtoto hapaswi kufasiri mashtaka yake mwenyewe.

Kuhusu kundi la WhatsApp, litumie kwa matangazo, ukikumbuka kwamba wenye simu ndogo hawamo. Alama za mtoto zisipite humo kamwe. Niliwahi kumkaripia baba mmoja mbele ya wazazi wenzake kwa sababu ya sare, na hakukanyaga tena shuleni mpaka mwanawe akamaliza darasa la saba. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwalimu wa darasa la tatu, Ilemela
Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwenyekiti wa kamati ya shule, naye amekubali kikao kijacho kiwe saa kumi jioni, mwezi ukiwa mpevu, na tangazo lipitie kwa viongozi wa mwalo badala ya barua pekee. Jana nilimpigia baba mmoja kumweleza kwamba binti yake sasa anasoma aya nzima bila kukwama. Alinyamaza, kisha akauliza mchango ni shilingi ngapi. Nilipomhakikishia kwamba hakuna mchango, aliniomba nirudie habari ile ya aya, safari hii mkewe akiwa anasikiliza.

Mama wa Kirumba, naomba unisaidie jambo moja zaidi: je, akina mama wanaoanika watakuwa na nafasi saa kumi, au nisogeze mbele hadi saa kumi na moja?