Re: Viberzi kwa IBS ya kuhara, mtu aliyetolewa nyongo

Kutoka: Columbus, Ohio

Salaam nyote. Mama mmoja wa hapa ameandikiwa Viberzi 100 mg kutwa mara mbili kwa IBS ya kuhara, yaani utumbo unaosumbua muda mrefu kwa maumivu na kuhara. Kifuko cha nyongo alitolewa nyumbani kabla ya kuhamia, na kwenye faili la kliniki hilo halimo. Wafamasia, aanze?

Kutoka: Minneapolis (mfamasia)

Asianze, dada. Apige simu kliniki leo, aseme kwamba kifuko cha nyongo hana. Kama Kiingereza kinamkwaza aombe mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia bila malipo.

Sababu ni hii. Viberzi ni eluksadolini. Kwenye utumbo kuna vipokezi vya opioidi, yaani sehemu za seli zinazoitikia dawa za jamii ya afyuni: mu, kapa na delta. Dawa hii inaamsha mu na kapa, inaziba delta. Mu ikiamka, mwendo wa utumbo na umajimaji wake hupungua, na kuhara hutulia. Lakini mu hiyo hiyo hukaza mlango mdogo ambamo nyongo na maji ya kongosho huingilia utumboni. Mwenye kifuko, nyongo iliyozuiwa ina pa kukaa. Asiye nacho, shinikizo hupanda na kongosho linaweza kuvimba.

FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo Machi 2017. Katika taarifa 68 za madhara zilizotaja hali ya kifuko, watu 56 hawakuwa nacho, na walikuwa wanameza kipimo kilichoruhusiwa. Wawili walifariki, wote hawana kifuko. Wengi waliumwa baada ya kidonge cha kwanza au cha pili, kwa hiyo "ajaribu siku chache tuone" ni ushauri wa hatari.

Wengine wasioitumia kabisa: aliyewahi kuvimba kongosho, mwenye ini lililoharibika sana, anayekunywa pombe zaidi ya vinywaji 3 kwa siku, na anayefunga choo mara kwa mara.

Kutoka: Toronto

Naongeza jambo linalotuhusu sana sisi wahamiaji. Wengi wetu tunapewa rifampisini miezi 4 kwa TB iliyojificha. Rifampisini huzuia ini kuichukua eluksadolini, hivyo dawa hupanda kwenye damu. Hata mwenye kifuko chake ateremshwe hadi 75 mg mara mbili. Ritonaviri, dawa ya VVU, nayo ni vivyo hivyo. Mwenye kumeza rosuvastatini ya kolesteroli amtajie daktari, kwani hiyo ndiyo hupandishwa na eluksadolini.

Vidonge humezwa na chakula. Ukisahau kimoja, subiri wakati wa kinachofuata, usimeze viwili pamoja. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayokwenda mgongoni au begani, uwe unatapika au hutapiki: acha dawa, nenda dharura, na chukua kopo la dawa uwaonyeshe.

Kutoka: Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Sasa atumie nini?

Kutoka: Minneapolis (mfamasia)

Kwanza aulize kama kweli ni IBS. Aliyetolewa kifuko mara nyingi huhara kwa sababu nyongo inamiminika mfululizo hadi utumbo mpana. Dawa ya hilo ni kolestiramini, unga wa pakiti ya 4 g unaokorogwa kwenye maji, usilambwe mkavu. Inanasa dawa nyingine pia, kwa hiyo vidonge vingine vimezwe saa 1 kabla yake au saa 4 hadi 6 baadaye. Watu huikosea hapo, kisha wanashangaa dawa ya tezi ya shingoni haifanyi kazi.

Loperamidi, yaani Imodium, nayo hugusa mu, ila haikai kwenye ubongo kwa kuwa pampu za mwili huirudisha nje. 2 mg dakika 45 hivi kabla ya chakula hupunguza kuhara, maumivu ya tumbo haiyagusi sana. Bila daktari isizidi 8 mg kwa siku. Ukizidisha mno, mapigo ya moyo huvurugika.

Kutoka: Leicester

Kwa walio Uingereza: eluksadolini haiuzwi tena huku. Ila kuna kipimo cha SeHCAT kinachoonyesha kama nyongo ndiyo chanzo: unameza kapsuli, unapigwa picha, unarudi baada ya siku 7 kupigwa nyingine. Marekani hakipo, ndiyo maana huko madaktari wengi huanza moja kwa moja na kolestiramini kuona kama kuhara kutakoma.