Naombeni ushauri: nirudi sarakasi Ulaya ama nibaki hapa Mombasa?

Mruka_Pete
Assalam aleikum na habari zenu nyote. Naomba msinicheke, hii kitu yanikosesha usingizi wiki ya pili sasa. Mimi ni kijana wa Kisauni, sarakasi nafanya tangu niko darasa la sita, mazoezi yetu yalikuwa pale mchangani Bamburi, maji yakipwa twaruka, yakijaa twarudi nyumbani, usiku twaenda mahotelini kupiga shoo, piramidi ya watu, limbo ya moto, kuruka pete, mwajua wenyewe. Mwaka juzi nikapata kandarasi na sarakasi moja ya hema huko Ulaya, tulikuwa watatu kutoka pwani. Nimerudi likizo na sasa wanitaka tena miezi kumi. Shida ni kuwa kule kuna wanyama na vile wanavyowekwa sikupenda. Niko na video kwa simu. Sasa nirudi nifanye kazi yangu ninyamaze, ama niitoe hiyo video? Na nikiitoa naweza kunyimwa viza siku za mbele?

FundiStima
Viza ulipata kwa siku ngapi? Mimi nshanyimwa mara mbili, ya kwanza wakasema karatasi za benki hazitoshi, ya pili nimejaza pesa benki wakasema hizi pesa zimeingia lini. Yaani ukiwa maskini kosa, ukipata kosa.

Bi_Mwanaesha
Waaleikum salaam mwanangu. Wewe wauliza viza, mimi nakuuliza habari ya kaburi. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyemfunga paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, wajua aliishia wapi? Na huyo ni paka mmoja. Itoe hiyo video, riziki haiko kwa mzungu, riziki iko kwa Mola.

Nahodha_Likoni
Bi Mwanaesha na nyumba ya kupanga iko kwa landlord 😂
Mruka Pete hebu sema ni wanyama gani kwanza. Kama ni mbuzi anapanda ngazi wacha kutusumbua, hapa Likoni mbuzi wapanda feri bila kufundishwa.

Mruka_Pete
Farasi sita, ngamia wawili, na tembo mmoja jike, mzee.

Shombo_la_Papa
Ngamia! Na hapo ufuoni Pirates kila jumapili mwawapakia watoto wenu juu ya ngamia jua la saa saba, kamba imepita puani, hamsemi kitu. Mzungu akimpanda ndo mateso.

Bi_Mwanaesha
Kweli hapo. Marehemu mume wangu alikuwa Mlamu, yuwabeba matofali na punda, punda akapata kidonda mgongoni cha kamba. Basi Lamu kuna hospitali ya punda, wazungu waliifungua 1987, akampeleka akaambiwa mwache apumzike mpaka kidonda kikauke. Wacha mume wangu akasirike! Yuwasema mimi mgongo waniuma miaka kumi hakuna aliyeniambia nipumzike. Lakini alimwacha. Alibeba matofali mwenyewe siku kumi na ngapi huko, na punda amesimama uani yuwamtazama.

Kasa_wa_Nyali
Turudi kwa tembo. Wamfundisha vipi? Maana tembo hasimami kwa kichwa ama kukalia kiti kwa kupenda, hiyo si tabia yake. Akiwa mdogo wamtoa kwa mamake, wamfunga, wamvuta na kamba mpaka akae wanavyotaka, na kuna kile chuma cha ndoano wamchoma nacho nyuma ya sikio, chini ya kidevu na miguuni, ngozi ni laini hapo. Watu hudhani ngozi ya tembo ni kama tairi. Nzi akitua tembo anajua. Huyo wenu walikuwa wakimchapa na nini?

Mruka_Pete
Fimbo tu ya kawaida. Ndo maana sikutaka kuingia sana huko, mimi swali langu ni la kandarasi.

Kasa_wa_Nyali
Fimbo ya kawaida haimsongezi tembo hata hatua moja kaka. Mwisho wake kuna nini?

Mruka_Pete
Iko na chuma hapo mwisho. Kimepinda.

Nahodha_Likoni
Fimbo ya kawaida ishakuwa ndoano. Mpaka jioni itakuwa nanga.

Mkosoaji
Samahani nawakatiza. Huu uzi ni hadithi. Moja, Ulaya wamepiga marufuku wanyama kwa sarakasi, hiyo hata mtoto anajua. Mbili, nimeingia kwa profaili ya huyu jamaa, mwezi wa tatu mwaka jana alikuwa auliza hapa hapa mafuta ya jumla Kongowea bei gani maana yuwauza viazi karai. Huyo mruka pete wa Ulaya alikuwa akikaangia wapi viazi, ndani ya hema?

FundiStima
Aii 😂😂 viazi karai!

Shombo_la_Papa
Mimi nilihisi tangu aseme tembo mzee. Kila hadithi ya uongo iko na mzee.

Kasa_wa_Nyali
Mkosoaji ya viazi siijui ila ya Ulaya umekosea. Uingereza ndio walifunga, wanyama pori hawaruhusiwi sarakasi za kuzunguka tangu Januari 2020. Ufaransa sheria walipitisha 2021 lakini wamewapa wenye mahema mpaka 2028. Ujerumani hakuna katazo la nchi nzima, kila mji wajipangia. Sasa kumbuka Bolivia walikataza wanyama wote, hata wa kufugwa, tangu 2009! Hao twaowaona matajiri wa roho ndo bado wavuta muda. Kwa hivyo tembo kwa hema Ulaya si uongo.

Mruka_Pete
Hii akaunti natumia na dadangu, viazi ni vyake. Simu ni moja nilimwachia nikienda. Sina sababu ya kudanganya hapa sijaomba mtu shilingi.

Mkosoaji
Basi tuambie ni nchi gani.

Mruka_Pete
Siwezi. Tulikuwa watatu tu kutoka huku, nikitaja nchi nshajitaja.

Bi_Mwanaesha
Mwacheni mtoto. Kama ni uongo utamrudia mwenyewe. Mwanangu hiyo video alipiga nani?

Mruka_Pete
Mwenzangu.

Bi_Mwanaesha
Na wewe ulikuwa wapi?

Mruka_Pete
Nilikuwa pale pale.

Kasa_wa_Nyali
Pale pale wapi? Nyuma ya simu ama mbele ya simu?

Mruka_Pete
Haya. Mimi ndo niko kwa video. Mimi ndo nimeshika kile chuma. Sasa mmefurahi?

Sikilizeni kabla hamjaanza. Mwezi wa kwanza nilikuwa naruka tu, pete na kamba. Halafu yule jamaa aliyekuwa akimhudumia tembo akaacha kazi, meneja akasema shoo yetu ni ya Afrika na tembo ni wa Afrika kwa hivyo mimi ndo nafaa kuingia naye, wakanivalisha ngozi ya chui ya plastiki wakanitangaza mwana wa mfalme wa savana. Wallahi tembo wa kwanza kumwona karibu nilimwona Ulaya, mimi mtoto wa Mombasa, Tsavo nimeipita na basi usiku nimelala. Mwenye wanyama akanionyesha mara mbili pa kugusa akaniachia. Waliniongeza euro 150 kwa mwezi. Sikuwa nampiga kwa nguvu. Hata hakukuwa na haja, nikifika tu sijainua mkono yeye ashainua mguu. Hiyo ndo inanisumbua. Kuna siku nilisahau chuma nyuma ya pazia nikaingia mikono mitupu na akafanya kila kitu vile vile, macho hayatoki mkononi mwangu.

Usiku hafanyi kitu, mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma ziko kwa nyororo, ayumba kushoto kulia kushoto kulia mpaka asubuhi. Nililala kwa karavani jirani naye, nikisikia nyororo.

Nahodha_Likoni
Wapiganapo tembo nyasi huumia, safari hii nyasi zimeshika ndoano.

Shombo_la_Papa
Nahodha si kila kitu cha kuchekea.

FundiStima
Bro mimi sikulaumu. Mimi nilifanya kazi Ghuba miaka miwili, pasi yangu ilikuwa kwa kabati la bosi. Ukiwa ugenini unafanya unaloambiwa. Ningeambiwa nimchape simba ningemchapa.

Bi_Mwanaesha
Mwanangu usiende. Ushajua sasa. Asiyejua ana udhuru.

Mruka_Pete
Bi Mwanaesha nakuheshimu kama mamangu lakini nikikaa hapa nafanya nini? Mahoteli msimu ukiisha hawatuiti, ukiitwa mnagawana elfu tatu watu wanane. Na tena nshaweka saini, adivansi nshaichukua, mabati yako juu ya nyumba ya mamangu Mlaleo, nitayang'oa? Mimi nikienda angalau namgusa polepole. Wakimpa mwengine je? Yule aliyeacha alikuwa akimtoa damu. Nikiwa mimi ni afadhali kwake.

Kasa_wa_Nyali
Kwa hivyo ulikuja kuomba ushauri na tiketi iko mfukoni.

Mruka_Pete
Tiketi ni ya alhamisi.

Kasa_wa_Nyali
Basi nikwambie ya Tyke halafu uende salama. Tyke alikuwa tembo jike, alinaswa mdogo Msumbiji akauzwa sarakasi Marekani. Tarehe 20 Agosti 1994, Honolulu, katikati ya shoo watu wakiangalia, alimuua mkufunzi wake na kumjeruhi mhudumu, akatoka nje barabarani. Polisi walimpiga risasi zaidi ya 80 kabla hajafa. Huyo pia alikuwa anainua mguu vizuri. Wewe wamwona ni mzee ametulia. Ile kampuni kubwa ya Marekani, Ringling, iliwaondoa tembo kwa shoo 2016, mwaka uliofuata ikafunga kabisa, 2023 imerudi na watu tu, hakuna hata farasi. Watu tu! Warukaji kama wewe. Kwa nini usitafute hema la namna hiyo? Na video funika uso wako, wapelekee wanaotetea wanyama katika nchi ile ile, si lazima uirushe mtandaoni.

Mruka_Pete
Mikono yangu yaonekana. Niko na alama ya moto mkononi, ya limbo. Meneja atajua.

Shombo_la_Papa
Meneja akijua utafukuzwa, si ndo unachotaka?

Mruka_Pete
Sijasema nataka kufukuzwa.

Nahodha_Likoni
Mimi nishaamua nafuga tumbili niende naye Pirates, picha moja shilingi mia mbili, simchapi, nampa ndizi.

Kasa_wa_Nyali
Utapiga picha ukiwa ndani. Tumbili bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Na akikung'ata osha kidonda na sabuni na maji mengi dakika 15 ukimbilie hospitali, usije hapa kuuliza dawa ya kienyeji.

Mkosoaji
Nimerudi. Mimi sasa naamini kuna sarakasi, ila naona kitu chengine. Mtu atoa hadithi ya huzuni, ndani yake mshahara, viza ipo, adivansi ipo, nyongeza euro 150. Nchi hataji, kampuni hataji. Hawa maajenti wa kutafuta vijana wamekuwa wajanja sana. Ngojeni, sasa hivi atatokea mtu hapa aombe namba.

Mruka_Pete
Astaghfirullah. Mimi nitafute vijana wa kupeleka pale?

Dogo_wa_Mshomoroni
Habari zenu wadau, nimesoma uzi wote. Mimi pia nafanya sarakasi, nina miaka 20, naruka moto na nabeba watu wanne. Kaka Mruka Pete kama wewe dhamiri yakusuta mimi niko tayari kushika hiyo nafasi, tembo mimi siogopi. Naomba namba ya ajenti.

Mkosoaji
😂😂😂 Nilisema nini? NILISEMA NINI?

Bi_Mwanaesha
Yaa Rabbi.

Mruka_Pete
Dogo umesoma uzi wote kweli? Mimi simpi mtu namba. Admini funga huu uzi tafadhali, nshapata nilichotaka.

FundiStima
Umepata nini sasa? Hatujajua hata kama waenda.

Dogo_wa_Mshomoroni
Asante sana kaka, nimeiona inboksi. Mungu akubariki.