Tupeane uzoefu: wewe na shule ya mwanao mnaishije siku hizi?

Wakuu habari za majukumu. Leo nimetoka kikao cha wazazi, binti yangu yuko la nne hapa hapa Dar, shule ya kayumba, yaani ya serikali, nikasema nilete uzi. Sisi tuliosoma miaka ya tisini mzazi alikuwa anaonekana shule siku ya kukuandikisha na siku umefanya madudu akaitwa. Mama yangu alimwambia mwalimu mkuu nyama zako mifupa yangu, nimesimama pale pale nasikia, kuanzia hapo ukichapwa shule ukaenda kusema nyumbani unaongezewa. Leo sasa kasimama mama mmoja wa genge, ana karatasi kaandika kabisa, anauliza ile ruzuku ya 10,000 kwa mtoto kwa mwaka imenunua nini, maana tangu 2016 tunaambiwa elimu bila malipo na michango haiishi. Mwalimu mkuu kafungua daftari kasoma, chaki, karatasi za mitihani, vyoo, na hela yenyewe haifiki yote shuleni, nyingine inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Mlinzi hayumo. Basi tumekubaliana kuchangia mlinzi ila wamama wametaka risiti. Kwenu ikoje?

Mkulima wa Alizeti:
Huku kwetu Singida kesi ni chakula. Kikao kilipitisha debe la mahindi na maharage kidogo, wengine wamegoma, wanakwambia serikali ilisema elimu bure. Sasa mpishi anasimama mlangoni na orodha, mtoto ambaye kwao hawajatoa anaambiwa kakae kule kwenye mti, kengele ikigonga wanaingia wote darasa moja. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, jirani yangu hanisalimii mpaka leo eti nimemnyima mwanae makande. Na mahindi anayo, nimeyaona!

Mama Mapacha:
Yangu ni grupu la wasap. Wanangu wako shule ya binafsi, mwalimu anatuma homuweki saa 3 usiku, hapo mtu umechoka umetoka kazini, kabla hujaifungua wazazi washaanza, mmoja anauliza swali la 4 linataka nini, mwingine anatuma picha ya daftari la mwanae ambapo mwandiko unaona kabisa ni wa baba, mwingine kaweka tangazo la vitenge. Siku moja wakamvaa mwalimu kwa nini mtoto kapoteza sweta, meseji mia na kitu. Kesho yake grupu likafungwa, wanaoandika ni maadmini tu. Kusema ukweli tulipumua wote.

Mtaa wa Embakasi:
Afadhali nyinyi. Hapa Kenya tangu mtaala wa CBC uanze 2019 mwanafunzi ni mzazi. Nimewahi kuzunguka kutafuta nguo kuukuu na majani nitengeneze sanamu ya kufukuza ndege shambani, na mimi naishi ghorofa ya nne, shamba sina. Jioni saiba imejaa wazazi wanaprinti picha, kila karatasi ni pesa. Alama zikitoka nafurahi mimi, mtoto hata hajui tulifanya nini.

Mzee wa Koridoni:
Vikao vyote anaenda waifu, mimi natuma hela tu 😂

Mama Mapacha:
@Mzee wa Koridoni ndo nyie mnaokuja siku ya matokeo kugomba.

Chaki Nyeupe:
Mimi nafundisha msingi. Kanuni ya viboko iko wazi, visizidi 4, na mchapaji ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi. Kuna mama alikuja na mtendaji wa mtaa, mwanae kachapwa kupita kiasi, sawa, haki yake, mwenzetu alikosea kweli. Hazijapita siku nyingi kaja baba mwingine kamvuta kijana wa la sita mpaka mezani kwangu, mwalimu huyu kanishinda mchape hata mbele yangu. Nikamuuliza mzee nyumbani mnaongeaga naye? Akasema ndo maana nimemleta kwako. Nikawakalisha wote, dogo akafunguka, baba akirudi TV inazimwa kila mtu anaenda kulala. Mzee akaniomba namba. Sasa kila Ijumaa ananipigia kuulizia kijana, nisipopokea anabipu, na mimi darasani nina watoto zaidi ya 90, wazazi wao wote wakianza kupiga si nitahama mji jamani.